Kutazama Chini

Miaka thelathini na minne niliendesha treni,
na kazi ya dereva ni moja: kutazama mbele.
Sasa binti wa miaka ishirini na sita, Mwalimu Orimo,
ananiambia kila Jumatano saa moja jioni:
"Bwana Kurumatani, tazama chini.
Huko mbele hakukuhusu."

Hakunihusu?

Tupo ghorofa ya pili, kibanda namba kumi na saba,
wavu wa kijani umetandwa hadi angani
kama chandarua cha jitu lisilopata usingizi.
Februari. Hita ya gesi inanichoma kisogo,
vidole vimekufa ganzi.
Nabonyeza kitufe, sakafu inafunguka,
mpira unachomoza wenyewe, mweupe, hauna haraka.
Yeni kumi na tano kila mmoja. Nimepiga hesabu.

Mkwe wangu ndiye aliyenialika kiwanjani, mwezi wa Oktoba,
yeye na wakubwa wake wa kazi, glavu nyeupe pe.
Nikapiga. Mpira ukakata kona kulia,
ukavuka miti, ukaangukia paa la choo,
ko, ko, ko, ukashuka ngazi kwa adabu.
Wote wakasema, "Bahati mbaya."
Mkwe wangu akainama kufunga kamba za viatu
ambazo zilikuwa zimefungwa.

Basi nikaja kufundishwa.
Somo la kwanza sikupiga hata mmoja.
"Shika fimbo kama mwavuli unaomshikia mtu mwingine."
Somo la pili, taulo kwapani: likianguka, anza upya.
Likaanguka. Likaanguka. Taulo la hoteli moja ya Beppu,
sasa linaijua sakafu hii kuliko mimi.
Somo la tano akaugundua ugonjwa:
"Mkono wako wa kulia unatawala."
Nikamwambia huo ndio mkono wa breki.
Uliwahi kusimamisha mabehewa manane, abiria elfu,
mbele ya baiskeli ya mtoto iliyonasa relini.
Akanyamaza kidogo.
"Ushukuru," akasema, "kisha uupumzishe."

Mkono haustaafu kwa barua.

Nyumbani nafanya mazoezi kwa mpini wa ufagio,
sebuleni, Sumie akishaihamisha taa.
Polepole kwenda nyuma, polepole zaidi,
kiuno kitangulie, mabega yafuate, mikono ije mwisho,
kama mabehewa, kichwa cha treni kikishang'oka,
yanavyovutana moja moja kwa mshindo mdogo.
Hilo nalielewa. Hilo hakuna aliyenifundisha.

Jumatano moja nikajisahau.
Nikanyoosha kidole, nikataja kwa sauti, kama zamani stesheni:
"Mpira, upo! Magoti, yamekunjwa!
Mkono wa kulia, kimya!"
Kibanda cha kumi na sita wakageuka.
Mwalimu Orimo alicheka hadi akashika nguzo,
kisha akapangusa macho: "Tena. Hivyo hivyo. Kila mpira."

Leo nimetaja. Nimetazama chini.
Fimbo imepanda, imeshuka, na mikononi
sikuhisi kitu,
kama kisu kinapopita kwenye tofu.
Mpira haupo. Pamebaki kijiti kinatikisika,
na macho yangu yako pale pale, yamepigwa butwaa.
Mbali, wavu ukasema: paa.
"Umekwenda wapi?"
"Umenyooka," akasema, akiandika kitu daftarini. "Hukuuona?"
Sikuuona. Hata chembe.

Uliofuata ulikata kulia, ukagonga nguzo,
ukarudi kwa chini kuniamkia.
Taulo limeanguka.
Nimebakiwa na mipira arobaini na mmoja,
na treni ya saa mbili na dakika nne inapita nyuma ya wavu,
imechelewa, kwa sikio langu, sekunde ishirini.
Sikuinua kichwa.
Nyoosha kidole.
Mpira, upo.